Vifaranga Hawakuruka

Siku Kiprop alipofariki ilianza kama siku nyingine yoyote ya Juni. Aliamka, akavaa kandambili, akatoka uani na kikombe cha chai, akaketi kwenye kiti cha plastiki na kuelekeza darubini kwenye tawi la chini la mti wa maple, penye kiota. Chai ikapoa hadi ikafanya utando. Mama ndege aliporuka kwenda kutafuta chakula, Kiprop aliinuka upesi na ufito wake mrefu, ule aliofunga kioo kidogo kwenye ncha, akachungulia kiotani, kisha akarudi jikoni amechangamka kama mtu aliyejibiwa posa.

"Wametoka," alimwambia mkewe. "Wote wawili. Weusi, vipofu, wadogo kama nyuki."

Chepkemoi alikuwa amerudi kutoka zamu ya usiku kwenye makao ya wazee, viatu bado viko miguuni. "Hongera, baba ndege. Sasa leta mkono nikupime presha."

"Nikirudi."

"Hata jana ulisema nikirudi."

"Na nikarudi. Sikurudi?"

Akacheka, akabonyeza simu kutuma taarifa yake, akaondoka kwenda kazini, mjini Eagan. Alianguka kwenye maegesho ya magari kabla hajaufikia mlango. Waliomwona walisema alikuwa bado ameshika funguo.

Ndege ambaye Kiprop alikuwa akimtazama ni mvumaji, hummingbird kwa Kiingereza, kijindege kisichozidi kidole gumba, mgongo wa kijani, mdomo mwembamba kama sindano ya kushonea magunia. Hupiga mabawa kwa kasi hata usiyaone. Husikii ila mvumo. Mwaka wao wa kwanza katika nyumba ile ya Brooklyn Center, Minnesota, Kiprop alimwona kwenye maua ya jirani akapiga kelele kwamba chozi, yule ndege mnyonya maua wa kwao, amemfuata kutoka Nandi. Hakuwa chozi. Chozi hupenda kutua ndipo anyonye ua. Huyu hunyonya akiwa ananing'inia hewani, na hata kurudi nyuma anaweza. Majira ya baridi yakikaribia huondoka kwenda kusini, mbali kabisa, na Mei hurudi.

Hapo ndipo Kiprop alipojiunga na mradi wa watazamaji wa kujitolea, watu wa kawaida wanaowaandikia wanasayansi kupitia simu: lini ndege wa kwanza amefika, amejenga wapi, ametaga mangapi, wangapi wameruka. Mratibu wao alikuwa mzee wa Kimarekani aitwaye Alvin, mkazi wa mji wa Savage. Alvin alimfundisha kutokaribia kiota mama akiwepo, na kutotia rangi kwenye maji ya sukari. Zaidi ya yote alimfundisha kwamba mtu huandika alichokiona, haandiki alichokitamani. Kiprop, ambaye kwa mambo mengine alikuwa mtu wa kupiga chuku, jambo hilo lilimkaa moyoni. Kuna siku alimkatalia mkewe kuandika kwamba mama ndege amelala kiotani. "Umemwona?" "Nimeona mkia." "Basi tunaandika mkia."

Chepkemoi hakuwa na habari na ndege. Alichojua ni kwamba mumewe aliweza kukaa kimya saa nzima akimngojea kijindege, lakini kumpa mkewe mkono afunge kile kitambaa cha kupimia presha, kulimshinda. Kazini alipima wazee wa watu tangu jioni hadi alfajiri. Nyumbani dawa za Kiprop zilikaa juu ya friji, chupa haijafunguliwa, kizibo bado kina ile karatasi yake. Alipopigiwa simu siku ile, kilichotangulia hakikuwa machozi. Ilikuwa hasira.

Watu wakaja. Wakenya wa Minnesota, msiba ukitokea, hawaulizi kabila wala kanisa. Jioni hiyo hiyo sebule ilijaa, na kesho yake ikajaa tena, ibada kila jioni hadi mwili usafirishwe. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Griffins, mfanyakazi mwenzake Kiprop, Mjaluo mwenye sauti ya kujaza uwanja na moyo wa kujitolea ambao hakuna aliyeutilia shaka. Alichukua simu ya marehemu ili awapigie watu wote waliokuwemo, akaagiza viti, akakodi jiko kubwa la kuchomea nyama, akapanga nani alete wali na nani alete soda.

Na kila aliyeingia alikuja na sentensi yake. "Mungu alimpenda kuliko sisi." "Siku yake ilikuwa imefika." "Alikuwa mzima kabisa, jamani, mzima kama chuma!" Chepkemoi aliitikia kwa kichwa. Moyoni alijibu: chuma gani hicho kilichokuwa na dawa juu ya friji?

Ni desturi yetu kwamba mfiwa hafanyi kazi. Huketishwa, huletewa maji, huletewa uji, hufunikwa shuka hata kama hana baridi, na haachwi peke yake. Nkatha, rafiki yake wa Kimeru aliyefanya naye kazi miaka mingi, ndiye aliyejitwika kumlinda. Alilala kwenye zulia karibu na kitanda chake. Chepkemoi akienda msalani, Nkatha alisimama mlangoni.

"Nitazama chooni, Nkatha?"

"Mimi sijui. Nimesimama tu."

Asubuhi moja tu Nkatha alipitiwa na usingizi. Chepkemoi akatoka uani bila viatu, akauchukua ule ufito uliokuwa bado umeegemea ukuta. Kiota kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani, kama nusu ya ganda la limau, kimejengwa kwa sufi ya mimea na kufungwa kwa utando wa buibui, nje kimebandikwa vipande vya kuvu wa gome hata kikafanana na kifundo cha tawi. Katika kioo aliona midomo miwili ikiinuka. Akarudi nyuma hadi kwenye kiti. Mama akaja akivuma, akautumbukiza mdomo wake wote kooni mwa mtoto mmoja, kisha mwingine, akiwalisha kwa kuchomachoma kama mtu anayeshona. Dume hakuwepo. Kiprop alishamweleza kwamba dume wa mvumaji akishapanda huondoka, hajui hata kiota kiko tawi gani. Siku ile Chepkemoi alicheka. Sasa alitamka kwa sauti, hapo uani, peke yake, "Wanaume nyinyi!" na akashangaa kwamba kwa kitambo kile chote alikuwa amesahau kuwa yeye ni mjane.

Tangu hapo alitaka jambo moja tu. Alitaka vifaranga wale waruke na taarifa yao iandikwe, maana kiota hicho ndicho kitu pekee ambacho Kiprop alikiacha katikati na ambacho mtu angeweza bado kukimaliza.

"Griffins," alimwambia jioni hiyo, "naomba simu ya Kiprop."

"Nitakuletea, shem. Bado naitumia kupigia watu. Wewe pumzika."

Jumamosi watu walikuwa wengi kupita siku zote, na mawingu yakaanza kukusanyika upande wa magharibi. Chepkemoi alikuwa sebuleni, amebanwa kwenye kochi katikati ya Nkatha na mama mmoja wa kanisani. Kupitia dirishani alisikia wanaume wakivutana juu ya turubai.

"Lete huku! Vuta, bana, vuta kama mtu aliyekula!"

"Haiendi. Tawi linazuia."

"Basi tutoe tawi. Kuna msumeno kwa gereji."

Chepkemoi akasimama. "Wasikate ule mti."

"Keti, dada," Nkatha alisema.

"Kuna kiota. Waambie wasikate. Kuna watoto wa ndege."

Wanawake wakatazamana. Yule mama wa kanisani akatikisa kichwa taratibu, kama anayesema ilikuwa lazima tufike hapa. Nkatha akamshika kiganja. "Ndiyo, mpenzi. Kuna ndege. Keti kidogo."

"Nkatha, niachie! Nenda wewe basi, uwaambie!"

"Nitaenda. Tukimaliza kuomba."

Msumeno ukaanza. Chepkemoi akajirusha kuelekea mlangoni, wanawake wanne wakamdaka. Kadiri alivyopiga kelele juu ya ndege ndivyo walivyomkaza, na mmoja akaanzisha pambio ili kumtuliza, na wengine wakalipokea kwa sauti za juu, mikono juu yake, machozi yakiwatoka kwa huruma, hata ule msumeno haukusikika tena. Alipiga mateke. Alimwuma mtu. Waliimba. Hakuna ubaya duniani uliowahi kutendwa kwa upendo mwingi namna ile.

Walipomwachia, kwa kuwa alinyamaza, alitoka nje akitembea polepole. Tawi lilikuwa limelazwa kando ya jiko la nyama, majani yameanza kusinyaa kwa moto. Griffins alisimama na msumeno mkononi, jasho linamtiririka.

"Shem, pole. Tumekupatia nafasi. Hata mvua ije sasa, watu wako wako sawa."

Kiota kilikuwa kimepinduka nyasini. Kifaranga mmoja alikuwa amebanwa ndani ya alama ya kiatu. Wa pili alikuwa hai, joto kiganjani, mdomo wazi, bado anaamini. Chepkemoi alimrudisha ndani ya kiota, akakifunga kiota kwa uzi kwenye panda ya tawi lililokuwa juu ya lile lililokatwa, akisimama kwenye kiti cha plastiki, na wanaume wakamtazama kama watu wanavyomtazama mtu aliyevua nguo hadharani.

Mama akaja. Hakwenda kwenye uzi. Alikwenda pale ambapo tawi lilikuwepo, akasimama hewani mahali palepale ambapo kiota kilikuwa, sasa pakiwa na turubai na moshi. Alisogea kushoto, akarudi. Akapanda, akashuka, akarudi. Kisha akaondoka. Alirudi mara nyingine akafanya vilevile. Asubuhi yake kifaranga wa pili alikuwa amekufa, mwili wa baridi.

Chepkemoi hakumgombeza mtu. Nyama ilikuwa imeiva, sahani zilikuwa zinapitishwa, na mfiwa hagombani na mtu aliyemshikia sahani. Walimsafirisha Kiprop, wakamzika Nandi kwenye ardhi ya baba yake. Kaburini pia zikatolewa sentensi. Msemaji mmoja alisema marehemu hakuwahi kuugua hata siku moja, na watu wakasema amina.

Alirudi Minnesota Agosti. Wiki hiyo hiyo Alvin akampigia simu. Alitoa pole kwanza, kwa maneno machache ya mtu anayejua kwamba pole haitoshi, kisha akasema:

"Najua ni kitu kidogo. Lakini nilitaka ujue kiota cha Kiprop kilifaulu. Vifaranga wawili waliruka. Tunakutana Septemba, sisi watazamaji, na ningependa kulisoma jina lake mbele ya wote."

Chepkemoi aliketi juu ya ngazi. "Nani amekuambia wameruka?"

"Taarifa iliingia kutoka kwenye simu yake. Nilidhani ni wewe."

Simu ya Kiprop ilikuwa bado kwa Griffins.

Akangoja Jumapili. Ibada ilipokwisha alimkuta Griffins nje ya kanisa pale Brooklyn Center, ameegemea gari lake, anawachekesha wenzake. Nkatha alikuwa anakuja nyuma na sufuria mkononi.

"Shem! Umerudi! Karibu, karibu. Umepungua, lakini tutakunenepesha."

"Griffins, wewe ndiye uliyeandika kwamba ndege waliruka?"

Wenzake wakaanza kuaga, mmoja mmoja. Griffins akakuna kidevu. "Ile kitu ilikuwa inanisumbua kila siku, shem. Simu inalia: kiota chako kinasubiri taarifa, kiota chako kinasubiri taarifa. Nikaona, huyu ni rafiki yangu. Wacha nimfungie kazi yake vizuri."

"Vizuri."

"Ndiyo, vizuri! Ningeandika nini? Kwamba tulikata mti msibani kwake? Hata marehemu akiwa mlevi husemi kaburini alikuwa mlevi. Unasema alipenda watu. Nimemsindikiza na neno zuri, basi. Wale Wazungu wa ndege wamefurahi, wewe nilidhani utafurahi. Nani ameumia?"

"Mimi nimeumia!"

Alipaza sauti hata watu waliokuwa wanapanda magari wakasimama.

"Nimechoka na maneno yenu mazuri. Mumesema Mungu alimpenda kuliko sisi. Mumesema alikuwa mzima kama chuma. Kiprop alikuwa mgonjwa! Alikuwa na presha na alikataa dawa, na wewe Griffins ulijua, mlikuwa mnakula vyakula vya chumvi pamoja hapo kazini na mnamcheka mke wake mwenye kelele. Alikataa dawa akafa, na hakuna hata mmoja wenu aliyesema, si hapa, si Nandi. Mumemwandika vizuri. Mumeniachia mtu ambaye simjui."

"Shem, polepole. Watu."

"Wasikie. Mume wangu alidanganya juu ya kila kitu. Alinidanganya nikirudi, nikirudi. Lakini juu ya ndege hakudanganya hata siku moja. Akiona mkia aliandika mkia. Ilikuwa ni sehemu moja, Griffins. Sehemu moja tu ya maisha yake ambayo ninaweza kuisoma na kuiamini, na wewe umeingia humo na viatu."

Sauti ya Griffins ya kujaza uwanja ilishuka. Alitazama chini. Akanong'ona, "Sikujua kama kuna kiota, shem. Naapa. Ningejua nisingekata."

"Nilipiga kelele."

"Tulisikia mnaimba."

Chepkemoi akamgeukia Nkatha. Nkatha aliweka sufuria juu ya boneti ya gari, akafuta mikono kwenye sketi.

"Usiniangalie hivyo," alisema. "Nilidhani akili imekuruka. Na ukifiwa na mtu tena leo ukaanza kupiga kelele za ndege, nitakushika tena. Sikudanganyi. Siwezi kukuacha utoke mbio barabarani."

"Ungetuma mtu mmoja dirishani."

"Ningetuma." Nkatha alisema. "Hilo ni kweli. Hilo sikufanya."

Griffins aliingia garini, akatoa simu ya Kiprop kwenye kisanduku cha mbele, akaifuta vumbi kwa tai yake kabla ya kuitoa. "Chukua. Sasa utasahihisha?"

"Ndiyo."

"Na wale wazee wa ndege watasoma?"

"Watasoma."

"Jina langu litakuwemo?"

"Hakuna mahali pa jina. Kuna mahali pa sababu."

Alisahihisha papo hapo, amesimama juani, Nkatha akimkinga mwangaza kwa kiganja bila kuambiwa. Sehemu ya matokeo ilikuwa na machaguo machache. Akafuta lililokuwepo, akachagua kwamba kiota kimeshindwa. Sehemu ya sababu ilimpa mnyama mwindaji, hali ya hewa, shughuli za watu, na haijulikani. Akachagua shughuli za watu. Palikuwa na nafasi ya maelezo. Akaandika kwa Kiingereza cha kazini, kile anachoandikia taarifa za wagonjwa, kisicho na mapambo: tawi lilikatwa wakati wa matanga. Kifaranga mmoja alikufa kwa kukanyagwa, mmoja kwa baridi. Mama alirudi mara mbili mahali kiota kilipokuwa. Akasoma tena. Akafikiri. Alikuwa na hakika kwamba mama alirudi hata mara ya tatu, jioni, maana alisikia mvumo, lakini hakumwona. Akaacha mara mbili.

Griffins alikuwa bado amesimama. "Shem," alisema, "tumekosana?"

"Tumekosana."

"Kabisa?"

"Leo, kabisa. Kesho sijui."

Griffins akaitikia kwa kichwa, akaingia garini, akawasha injini.

Alvin alipiga simu jioni. Alikuwa ameona masahihisho. Alikohoa, akauliza kama Chepkemoi angependelea ukurasa huo usisomwe kwenye mkutano. Wangeweza kulitaja jina la Kiprop tu, pamoja na miaka yake ya kujitolea, na kumshukuru.

"Soma ulivyo," alisema Chepkemoi.

"Wote? Na sababu?"

"Na sababu. Na ukimtaja, sema alikuwa na presha."

Alvin akasema atasema hivyo.

Alisema. Watazamaji walisikiliza, wakaandika, wakaendelea na kiota kilichofuata. Katika hesabu za mwaka huu za wavumaji wa Minnesota, kiota cha Brooklyn Center kimo miongoni mwa vilivyoshindwa. Ndege wameshaondoka kwenda kusini. Griffins hajaja nyumbani, Nkatha huja kila Alhamisi, na akaunti ya Kiprop imefungwa, taarifa zake zote zikiwa zimebaki kama zilivyo.